Edgar Codd: Aliyeitoa Data Msituni

Katika kurasa za majarida kama haya tumezoea kusimuliwa maisha ya malenga, wanasiasa na wapigania uhuru. Leo nivumilieni kidogo, kwani ninayewaletea hakuwa malenga wala hakushika bunduki msituni. Alikuwa mwanahisabati. Hata hivyo, kila mwanafunzi wa Kompyuta aliyewahi kuiuliza hifadhidata swali kwa lugha ya SQL, kisha akapewa jibu la kumtoa jasho, amekwisha kukutana naye bila kujua. Jina lake ni Edgar Frank Codd. Rafiki zake walimwita Ted.

Codd alizaliwa tarehe 19 Agosti 1923 katika kisiwa cha Portland, kusini mwa Uingereza, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto saba. Babake alikuwa mtengenezaji wa ngozi na mamake alikuwa mwalimu. Alisoma katika shule ya Poole Grammar, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Oxford kusomea kemia na hisabati. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, angeweza kuachwa aendelee na masomo yake, lakini alijitolea mwenyewe akawa rubani katika jeshi la wanahewa. Aliendesha zile ndege kubwa za kupiga doria baharini ziitwazo Sunderland.

Mwaka wa 1948 alivuka bahari akaenda New York. Msidhani alipokelewa kwa vigelegele! Kazi yake ya kwanza huko ilikuwa kuuza nguo za michezo za wanaume katika duka la Macy's. Baadaye alifundisha hisabati kwa miezi michache katika Chuo Kikuu cha Tennessee, na mwaka wa 1949 kampuni ya IBM ikamwajiri kuandika programu. Tena alikuwa mtu wa msimamo. Mwaka wa 1953, seneta Joseph McCarthy alipokuwa akiwaandama watu kwa tuhuma za ukomunisti, Codd alichukizwa, akafunga virago vyake na kuhamia Ottawa, Kanada. Alirudi Marekani, na kwa IBM, mwaka wa 1957. Kisha akiwa anakaribia miaka 40, umri ambao sisi hudhani mtu amekwisha kusahau harufu ya daftari, alirudi darasani katika Chuo Kikuu cha Michigan na kupata shahada ya uzamifu mwaka wa 1965.

Kazi iliyomjengea jina aliifanya San Jose, California, katika maabara ya utafiti ya IBM. Ili kuielewa, hebu kwanza tutazame jinsi data ilivyohifadhiwa siku hizo. IBM ilikuwa na mfumo wake uitwao IMS, ambao ulianzia katika kazi ya kufuatilia vipuri vya roketi za Apollo za kwenda mwezini. Ndani yake data ilipangwa kama mti: shina, matawi na vitawi. Wengine, wakiongozwa na Charles Bachman, walizifunga rekodi pamoja kwa viungo, mithili ya wavu. Kote huko, mwandishi wa programu aliyetaka jibu ilibidi aijue njia mwenyewe: panda tawi hili, shuka lile, fuata kiungo kile. Njia ikibadilishwa, programu nayo imekwisha.

Tuseme maktaba ya shule imepanga data yake hivyo, kila kitabu kikining'inia chini ya mwanafunzi aliyekikopa. Ukitaka vitabu vya mwanafunzi mmoja utavipata upesi. Haya, sasa uliza kamusi fulani iko kwa nani. Itakubidi upekue mwanafunzi mmoja mmoja, shule nzima! Na kitabu ambacho hakijakopwa na mtu kitaning'inia tawi gani?

Juni 1970, Codd alitoa makala ya kurasa 11 katika jarida la Communications of the ACM. Alipendekeza miti na nyavu ziachwe, data yote ikae katika majedwali, yenye mistari ya kulala na safu za kusimama. Jedwali moja lijuane na jingine kwa thamani zilizoandikwa humo, kwa mfano namba ya mwanafunzi, wala si kwa njia za kufichwa ndani ya mashine. Mtu aseme anachotaka tu, na kompyuta ijitafutie njia ya kukipata. Msingi wa haya yote ulikuwa hisabati ya seti, zilezile tunazozifanya darasani tukidhani hazitatufaa popote.

Upinzani ulitoka nyumbani. IMS ilikuwa ikiiletea IBM fedha nyingi, na ni nani hukata mwembe unaozaa? Mwaka wa 1974 Codd na Bachman walikutana ana kwa ana katika mjadala huko Ann Arbor, Michigan, kila mmoja na wafuasi wake. Bachman naye hakuwa mtu wa kubezwa; mwaka uliotangulia alikuwa ametunukiwa Tuzo ya Turing, ambayo katika fani ya kompyuta hakuna iliyo juu yake.

Kumbe mambo yalikuwa yameanza kugeuka. IBM ilikuwa imekubali kulijaribu wazo hilo katika mradi ulioitwa System R, na vijana wawili, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakabuni lugha ya kuyauliza majedwali maswali. Waliiita SEQUEL, lakini jina hilo lilikuwa na mwenyewe kisheria, ndipo likafupishwa likawa SQL. Boyce alifariki mwaka huohuo wa 1974 akiwa bado kijana. Codd mwenyewe hakuiunda SQL. Yeye alikuwa na lugha yake, Alpha, ya mwaka wa 1971, iliyojaa alama za hisabati, nayo haikushika. Kampuni ya Oracle iliuza mfumo wa SQL mwaka wa 1979, kabla ya IBM yenyewe, ambayo ilifuata mwaka wa 1981. Mwaka huo wa 1981 Codd naye akapewa Tuzo ya Turing.

Sasa tuje kwa yale matatizo yanayotuumiza vichwa katika maabara ya kompyuta. Nimeyatazama nikaona kwamba mengi ni kesi za zamani ambazo Codd alizitolea hukumu, na moja aliileta yeye mwenyewe.

Chukua jedwali la mikopo ya maktaba ambamo kila mstari una namba ya mwanafunzi, jina lake, bweni lake na kitabu alichokopa. Aliyekopa mara sita ameandikiwa bweni mara sita. Akihamishwa bweni, na karani abadilishe mistari minne asahau miwili, basi kompyuta itashikilia kwamba kijana huyo analala mabweni mawili usiku mmoja. Dawa ya Codd, aliyoieleza kati ya 1970 na 1972, ni kulivunja jedwali hilo. Habari za mwanafunzi zikae katika jedwali la wanafunzi, mara moja tu, na lile la mikopo libaki na namba yake.

Ukishavunja itabidi uunganishe, na hapa wengi hujikwaa. Ukiyataja majedwali mawili bila kusema namba ya huku ilingane na namba ya kule, SQL itamwoanisha kila mtu na kila kitu. Wanafunzi 40 na mikopo 300 wanakupa mistari 12,000! Mashine haijashikwa na wazimu, imezidisha seti mbili kama ulivyoiagiza. Andika sharti la kuunganisha, na kila mkopo utarudi kwa mwenyewe.

Halafu kuna pacha. Ukitaka kujua ni wanafunzi wangapi waliokopa, nawe ukahesabu mistari ya mikopo, yule wa vitabu sita atahesabiwa kama watu sita. Lazima uweke neno DISTINCT ndani ya COUNT, kwenye namba ya mwanafunzi. Jambo hili lilimuudhi sana Codd, kwa sababu katika seti kitu hakiwemo mara mbili. Waundaji wa SQL waliwaruhusu pacha kwa kuwa kuwaondoa kila mara kulikula muda wa mashine. Tena jedwali lisilo na ufunguo wa msingi laweza kubeba mistari miwili inayofanana kabisa. Jaribu kufuta mmoja kwa WHERE uone: yote miwili inakwenda.

Tatizo gumu zaidi ni NULL, alama ya kwamba thamani haipo. NULL si sifuri, wala si nafasi tupu. Ukiandika kwamba alama ya mtihani iwe = NULL hutapata mtu, hata kama nusu ya darasa haikufanya mtihani; andika IS NULL. Mbaya zaidi ni hili. Mwalimu anataka orodha ya wasiokopa kitabu chochote, basi unatumia NOT IN juu ya namba zilizo katika mikopo. Kumbe kuna mkopo mmoja tu ambao karani hakujaza namba. Jibu litakuja tupu, na mwalimu atafurahi akidhani shule nzima inasoma! SQL imejiuliza kama huyo asiyejulikana huenda ni huyu mwanafunzi, ikashindwa kukana, ikamwacha kila mtu nje. Tumia NOT EXISTS, au bora zaidi, ikataze safu hiyo kuwa na NULL tangu jedwali linapoundwa.

Hapa pacha na NULL wanaachana. Pacha Codd aliwapinga, lakini NULL aliitetea mwenyewe. Aliondoka IBM mwaka wa 1984, akaungana na Chris Date kutoa ushauri kwa makampuni. Mwaka wa 1985, alipoona kila muuzaji anajidai kuwa na hifadhidata ya majedwali, aliandika kanuni zake 12 za kuwapima (kwa hesabu ni 13, maana alianzia sifuri, si mwanahisabati!). Kanuni ya 3 ilidai thamani zisizokuwepo zishughulikiwe kwa utaratibu mmoja. Katika kitabu chake cha 1990 alitenganisha hata aina mbili za kukosekana: kuna kisichojulikana, na kuna kisichomhusu mtu kabisa. Date alikataa katakata, akashikilia kwamba NULL ing'olewe yote. Mabishano yao yalichapishwa hadharani, na urafiki haukuvunjika. Mimi kwa hili naegemea kwa Date, ingawa namwelewa Codd: maisha yana mapengo, na alitaka yaonekane.

Codd alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 18 Aprili 2003, nyumbani kwake Florida, akiwa na miaka 79. Mwaka uliofuata, tuzo ya uvumbuzi inayotolewa na wataalamu wa hifadhidata wa chama cha ACM ilipewa jina lake. SQL, hata hivyo, haikumsikiliza kwa lile lililomuudhi: mpaka leo inamruhusu mtu kuunda jedwali lisilo na ufunguo.