Mtakatifu Charles de Foucauld na Kimya cha Jangwa

Charles de Foucauld alizaliwa Strasbourg mwaka 1858. Wazazi wake walikufa angali mtoto, babu yake akamlea. Alipokuwa kijana aliiacha dini, akawa askari, akatapanya urithi wake kwa anasa.

Mwaka 1883 akaenda kuipeleleza nchi ya Moroko, amejifanya rabi wa Kiyahudi. Huko, katika nchi kavu yenye kimya kikuu, aliwaona Waislamu wakimsujudia Mungu, moyo wake ukatikisika. Sisi tusikiao adhana ya jirani kila alfajiri twaweza kulifahamu jambo hilo. Aliporudi Paris akawa akiingia makanisani, akimwomba Mungu amjulishe kama yuko. Oktoba 1886 akaungama kwa Padre Huvelin, na imani ikamrudia.

Akapewa upadre mwaka 1901, akalitafuta tena jangwa. Mwaka 1911 alikaa katika kibanda cha mawe juu ya Assekrem, milimani Algeria, akiandika kamusi ya lugha ya Watuareg. Vilele vitupu vilivyomzunguka vilimwelekeza kwa Muumba wake. Hapana umati uliobatizwa kwa mkono wake, wala hakuondoka. Aliuawa Tamanrasset tarehe 1 Desemba 1916, mlangoni pa nyumba yake.