Mwalimu Mtoro bin Mwinyi Bakari, Aliyefundisha Kiswahili Berlin

Sisi wa Gisenyi tumezoea kuona walimu wageni. Tangu serikali ilipoamua, mwaka 2008, kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza, walimu wengi wametoka nchi za nje kuja kufundisha lugha hiyo Rwanda, na wengine walifika hawajui hata kusalimu kwa Kinyarwanda. Leo nitaeleza habari za mwalimu aliyekwenda njia iliyo kinyume: Mwafrika aliyevuka bahari kuwafundisha Wazungu lugha yake, huko huko kwao.

Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa yapata mwaka 1869 huko Dunda, karibu na Bagamoyo. Alisoma Kurani na elimu ya dini kwa walimu wa Bagamoyo. Mji huo siku zile ulikuwa mlango wa bara. Misafara ya pembe na ya biashara nyingine ilianzia pale na kuishia pale. Yeye naye alisafiri bara, akaandika habari za safari yake ya Udoe na Uzigua, nazo zikapigwa chapa Ujerumani mwaka 1901.

Wakati huo mwenyewe alikuwa Berlin. Alifika mwaka 1900, akawa mwalimu wa Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki kilichofunguliwa mwaka 1887. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima: maofisa wa jeshi, watu wa serikali, wafanya biashara, wote wakijitayarisha kwenda Afrika ya Mashariki. Rwanda nayo ilikuwa ndani ya koloni lile. Mkubwa wake katika kazi alikuwa Bwana Carl Velten, aliyewahi kukaa pwani.

Hebu fikiri, msomaji, hali ya mwalimu yule. Darasani yeye ndiye anayejua, na wanafunzi ndio wanaotamka vibaya na kusahihishwa. Lakini wakimaliza masomo watapanda meli, na huko waendako watakuwa mabwana juu ya ndugu zake. Mwalimu wa lugha ugenini ana shida zake za kawaida, baridi na chakula na upweke. Hii yake ilikuwa zaidi.

Kazi yake kubwa haikuwa darasani. Mwaka 1903 kilitoka kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kinachoeleza maisha ya watu wa pwani tangu mtoto kuzaliwa hata maiti kuzikwa: chuo cha Kurani, jando, arusi, ngoma, dawa, watumwa, majumbe. Sehemu kubwa iliandikwa na Mtoro, pamoja na Waswahili wengine. Kwa miaka mingi watu walikiita kitabu cha Velten, maana jina lake ndilo lililokuwa juu. Kwa maoni yangu hilo halikuwa haki.

Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata waliondoka pamoja kwenda Afrika, wakakae kwao mume. Walipofika pwani, serikali ya koloni ilikataa mke asishuke. Mzungu kuishi kama mke wa Mwafrika, mbele ya macho ya Waafrika, ni jambo ambalo wakubwa waliona litavunja heshima yao. Mtoro hakukubali kumwacha mkewe. Wakarudi Ujerumani wote wawili, naye hakuishi tena katika nchi yake.

Gavana wa koloni mwaka huo alikuwa nani? Alikuwa Götzen, ambaye jina lake tunalisoma katika historia yetu: ndiye yule aliyepita Rwanda mwaka 1894, akaonana na Mwami Rwabugiri, akafika kwenye ziwa letu la Kivu na kupanda mlima Nyiragongo. Alitawala koloni tangu 1901 hadi 1906. Yeye alipita nchi za watu akitaka asitake. Mtoro hakuweza kumpeleka mkewe nyumbani kwake.

Kisha Mtoro aliishi kwa kazi za hapa na pale. Alifundisha Hamburg pamoja na Profesa Carl Meinhof, akarudi Berlin, akawa akihutubu katika miji mbalimbali juu ya Afrika. Vita vya 1914 hadi 1918 viliwanyang'anya Wadachi koloni zao, na waliotaka kujifunza Kiswahili wakapungua sana. Alikufa Berlin mwaka 1927.

Mwaka 1981 kitabu cha desturi kilichapishwa Marekani kwa Kiingereza, kimefasiriwa na J.W.T. Allen. Safari hii jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari liliandikwa katika anwani ya kitabu.