William Herschel: Mpiga muziki aliyegundua mwangaza wa telekomande

Mwangaza unaotoka katika telekomande ya televizyo hauonekani kwa macho ya mtu. Aliyegundua kwamba mwangaza wa namna hiyo uko ni William Herschel, mpiga muziki aliyekimbia vita akiwa kijana na kuishi ugenini maisha yake yote. Aliugundua mwaka wa 1800, kwa kutumia kioo na vipimajoto vitatu tu.

Herschel alizaliwa tarehe 15 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1738 mjini Hannover, katika inchi ambayo leo ni Ujerumani. Baba yake Isaac alikuwa mpiga muziki wa jeshi. Mtoto naye aliingia katika bendi hiyo akiwa na miaka 14, akipuliza oboe, ala ya jamii ya zumari.

Mwaka wa 1757, wakati wa Vita vya Miaka Saba, jeshi la Ufaransa lilishinda upande wao huko Hastenbeck. Wazazi wakaona ni afadhali kijana aondoke. Mwishoni mwa mwaka huo alifika Uingereza karibu mikono mitupu, akaanza kunakili nota za muziki ili apate chakula.

Polepole maisha yalinyooka. Mwaka wa 1766 alipewa kazi ya kupiga kinanda katika kanisa moja la mji wa Bath, huku akifundisha watu muziki. Mwaka wa 1772 alirudi Hannover kumchukua dada yake Caroline, ambaye nyumbani aliachiwa kazi za ndani tu. Caroline aliimba katika maonyesho ya kaka yake, kisha akawa mwenzake katika kazi ya nyota.

Nyumba yageuka karakana

Hakuna chuo kikuu kilichomfundisha Herschel elimu ya nyota. Alisoma vitabu mwenyewe, na kwa kuwa darubini nzuri zilikuwa ghali, aliamua kujitengenezea. Aliyeyusha shaba na bati, akapata vioo vya chuma, akavisugua kwa mkono. Safari moja alisugua kioo saa 16 bila kukiachilia, dada yake akimlisha kwa mkono. Mwaka wa 1781, chuma cha moto kilivuja na kumwagika chini. Mawe ya sakafu yakapasuka na kuruka, watu wote wakakimbilia nje.

Mwaka huohuo, tarehe 13 mwezi wa tatu, Herschel aliona angani kitu ambacho kwanza alidhani ni kimondo chenye mkia. Ilikuwa sayari ya Uranus, ya kwanza kugunduliwa kwa darubini. Mfalme George wa Tatu akampa mshahara wa pauni 200 kwa mwaka, naye akaacha kufundisha muziki. Tangu mwaka wa 1787 Caroline pia alilipwa pauni 50 kwa mwaka. Yeye mwenyewe aligundua vimondo vyenye mkia 8.

Joto mahali pasipo na rangi

Ugunduzi wa mwaka wa 1800 ulianza na shida ndogo. Herschel alipotazama jua kwa darubini, aliweka vioo vya rangi ili kulinda macho. Akaona jambo la ajabu: kupitia vioo vingine alisikia joto kali hata kama mwangaza ulikuwa kidogo, kupitia vingine mwangaza ulikuwa mwingi na joto kidogo. Akataka kujua kama kila rangi inabeba joto lake.

Alipitisha mwangaza wa jua katika kioo cha pembe tatu, ukagawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua. Kisha akaweka kipimajoto kimoja ndani ya rangi moja moja, na vingine viwili pembeni ili kulinganisha. Rangi nyekundu ilipandisha joto zaidi ya mara tatu kuliko ile ya zambarau.

Wengi wangeishia hapo. Herschel alijiuliza kama joto linakoma pale macho yanapokoma kuona. Alisogeza kipimajoto nje ya rangi nyekundu, mahali palipoonekana kuwa hapana kitu. Joto likazidi kupanda. Hivyo alijua kuwa jua linatuma miale mingine isiyoonekana, ambayo leo inaitwa infraruji, maana yake iliyo chini ya nyekundu.

Baadaye Herschel mwenyewe alikuwa na mashaka, akafikiri kwamba miale ya joto na mwangaza ni vitu viwili tofauti. Wanasayansi waliomfuata ndio waliohakikisha kuwa ni vya namna moja. Alifariki tarehe 25 mwezi wa nane mwaka wa 1822 huko Slough, akiwa na miaka 83.

Kutoka kipimajoto hadi mikrokontrola

Telekomande za kwanza za televizyo zisizo na waya, miaka ya 1950, zilitumia mwangaza wa kawaida, kisha sauti isiyosikika na watu. Infraruji ilichukua nafasi kuanzia mwisho wa miaka ya 1970.

Leo kijana anayejifunza elektroniki anaweza kuiongeza katika kazi yake mwenyewe. Anahitaji mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ndani ya kipande kimoja, pamoja na kipokezi cha infraruji chenye miguu mitatu: mmoja wa umeme, mmoja wa chini, na mmoja unaopeleka ujumbe. Telekomande inawasha na kuzima taa yake ndogo kwa kasi ya karibu mara 38.000 kwa sekunde, kwa vipande vifupi na virefu. Katika mfumo mmoja unaotumika sana, kila amri ina alama 32 za sifuri na moja. Programu inapima urefu wa nafasi kati ya vipande hivyo, na kujua kitufe gani kimebonyezwa. Mtu akielekeza telekomande kwenye kamera ya telefone, mara nyingi ataona taa hiyo ikimetameta.

Kasi hiyo haikuchaguliwa bure. Jua, moto na hata mwili wa mtu vinatoa infraruji wakati wote. Kipokezi kinasikiliza tu ile inayopepesa kwa kasi yake, na kuacha nyingine zote. Hata hivyo, kikiwekwa mbele ya dirisha lenye jua kali, kinaweza kushindwa kusikia telekomande. Kinachokisumbua ni miale ileile ambayo Herschel aliipima kwa kipimajoto zaidi ya miaka 200 iliyopita.