Karani wa Mpwapwa

Wamo bado, miongoni mwa watumishi wanaopewa uhamisho wa kwenda Dodoma, wanaouhesabu uhamisho huo kuwa adhabu. Ndugu zetu wa visiwani huuona uzito huo zaidi, wala hatuwalaumu. Uwanda wa kati ni mkavu, na bahari iko mbali. Hata hivyo, tunapenda kuwakumbusha habari za karani mmoja wa pwani aliyewatangulia huko.

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Machui, kusini ya Tanga. Alisoma Dar es Salaam, na mwaka 1926 akaajiriwa kuwa karani wa Idara ya Forodha. Alikaa katika idara hiyo miaka 18, Pangani na kwingineko. Mwaka 1944 akahamishiwa Idara ya Mifugo, Mpwapwa, katika nchi ya Wagogo, mahali ambapo habari za mji ni ng'ombe na mvua, si majahazi.

Tusidanganyane kuhusu hali ya karani Mwafrika zama zile. Madaraka ya juu yalikuwa ya Wazungu, na rangi ya mtu ilitazamwa kabla ya kazi yake. Mshahara ulikuwa mdogo, na bidii haikumfungulia mlango wa ukubwa. Ulikuwa udhalimu, na kusifu subira ya mtumishi kusiwe kisingizio cha kumnyima haki yake. Viongozi wa ofisi walizingatie hilo.

Lakini Shaaban hakuiachia serikali ya kikoloni ipime thamani ya siku zake. Kutwa alikuwa mtu wa majalada. Kazi yake nyingine, ambayo hakuna mkuu wa idara aliyemtuma, ilikuwa kukikuza Kiswahili. Vita Kuu ya Pili ilikwisha mwaka 1945 yeye akiwa Mpwapwa, na vita hiyo aliitungia utenzi wa beti 3,000. Hebu fikirini: beti 3,000, bila posho wala barua ya kupandishwa cheo!

Mwaka 1946 alirudi Tanga, kwanza katika ofisi ya wilaya, kisha tangu 1952 katika ofisi ya upimaji ardhi. Kusadikika kilitoka mwaka 1951, naye angali mtumishi wa serikali ile ile. Watu wa Unguja wana deni lake pia, kwani ndiye aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyetoka katika ufukara akawa sauti ya visiwa. Waingereza walimpa nishani ya MBE. Ukuu wa ofisi hawakumpa.

Aliacha utumishi mwaka 1960, akafariki Juni 1962, miezi michache baada ya Uhuru wa Tanganyika, akazikwa Machui. Utenzi ule wa vita ulichapishwa mwaka 1967. Yeye hakuuona ukiwa kitabu.