Thomas Hunt Morgan na Chumba cha Nzi

Sisi tuliosoma sayansi hapa shuleni tulilikuta jina la Thomas Hunt Morgan mahali pamoja tu, katika sura ya urithi, tukalikariri kwa ajili ya mtihani na kulisahau siku ya pili yake. Ndugu Mhariri aliponiomba niandike habari za mwanasayansi mmoja mashuhuri kwa ajili ya gazeti hili la mkutano wetu, sikusita kumchagua yeye. Nimefundisha Baiolojia kwa miaka mingi, na kila mwaka vijana huniuliza swali lile lile: je, mtu asiye na vyombo vya maana anaweza kufanya utafiti? Sijapata kuwajibu vizuri kuliko maisha ya bwana huyu yanavyojibu.

Alizaliwa Lexington, katika jimbo la Kentucky, Marekani, tarehe 25 Septemba 1866. Ukoo wake ulikuwa wa watu wakubwa. Ami yake alikuwa jenerali wa wapanda farasi katika jeshi la majimbo ya Kusini yaliyopigania kuendeleza utumwa, na babu yake mama yake ndiye aliyetunga maneno ya wimbo wa taifa wa Marekani. Kijana mwenyewe alipenda zaidi kuzunguka mashambani akikusanya mayai ya ndege na mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Mwaka 1890 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kwa kuchunguza wadudu wa baharini wanaofanana na buibui. Mwaka uliofuata akaanza kufundisha Bryn Mawr, chuo cha wanawake, akakaa huko mpaka 1904 alipohamia Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mwaka huo huo alimwoa Lilian Sampson, naye pia mtaalamu wa viumbe. Tutamrudia mama huyo.

Jambo ambalo vitabu vyetu vya shule havikutuambia ni kwamba Morgan hakuwa mfuasi wa Mendel. Alikuwa mpinzani wake. Kanuni za Mendel, zilizochapishwa mwaka ule ule aliozaliwa Morgan na kufufuliwa mwaka 1900, aliziona kuwa hesabu za kupendeza zisizoonyesha kitu chochote cha kushikika. Wala hakukubali kwamba kromosomu ndizo zinazobeba urithi. Na hayo aliyakataa ingawa Nettie Stevens, aliyesoma Bryn Mawr wakati Morgan akifundisha huko, alikwisha onyesha mwaka 1905 katika mdudu wa unga kwamba dume na jike hutofautiana kwa kromosomu. Mimi naona mwanafunzi alimtangulia mwalimu hapa, na jina lake lingestahili kuandikwa kwa herufi kubwa zaidi katika vitabu vyetu. Stevens alifariki mwaka 1912.

Mnamo 1908 hivi Morgan alianza kufuga nzi wa matunda, wale wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Sababu ilikuwa ya kimaskini kabisa: nzi hawa hawana gharama. Wanakula ndizi, wanakaa katika chupa ya maziwa, na katika joto la nyuzi 25 hupita kutoka yai hadi nzi kamili kwa siku 10 hivi. Jike mmoja hutaga mayai mamia. Anayefuga ng'ombe ili ajifunze urithi atazeeka kabla hajaona vitukuu. Anayefuga nzi huwaona kabla muhula haujaisha. Tena kila chembe ya mwili wa nzi huyu ina jozi 4 tu za kromosomu, jambo lililokuja kuwasaidia sana.

Alitafuta nzi mwenye tofauti ya kurithiwa, akakaa muda mrefu bila kupata kitu cha maana. Mwaka 1910 alitokea dume mmoja mwenye macho meupe, wakati nzi wa kawaida wana macho mekundu. Morgan alimzalisha na majike wenye macho mekundu, akapata watoto 1,240. Katika hao 1,237 walikuwa na macho mekundu, na madume 3 tu macho meupe. Hao watatu hawakutarajiwa, naye hakuwaficha. Aliwachapisha pamoja na wengine. Kisha akawazalisha watoto hao wenyewe kwa wenyewe. Katika wajukuu walipatikana majike 2,459 wenye macho mekundu, madume 1,011 wenye macho mekundu, na madume 782 wenye macho meupe. Jike mwenye macho meupe hakuwamo hata mmoja!

Hapo nawaomba wanafunzi mlioko madarasani mtue kalamu kidogo. Kwa nini weupe uwafuate madume peke yao? Mtu angeweza kudhani kwamba jike mwenye macho meupe hawezi kuishi. Morgan alilipima wazo hilo badala ya kulibishania: alimchukua yule dume wa kwanza na kumzalisha na binti zake mwenyewe, na safari hii wakatokea majike 88 wenye macho meupe, wazima kabisa. Basi ikabaki maelezo moja. Kitu kinachofanya macho yawe mekundu kiko pamoja na kile kinachoamua jinsia, katika kromosomu iitwayo X. Jike ana X mbili, kwa hiyo moja ikiwa na kasoro ya pili huifunika. Dume ana moja tu, aliyopewa na mama yake, na kasoro yake haina pa kujificha. Mtu aliyezikataa kromosomu kwa miaka akawa amezithibitisha kwa mikono yake, na akatangaza matokeo hayo mwezi Julai mwaka ule ule.

Chumba chenyewe kilikuwa na upana wa mita 5 hivi na urefu wa mita 7, meza nane zikisongamana, chupa kila mahali, harufu ya ndizi zilizochacha, na mende wakinenepa kwa makombo. Katika miaka yake 24 ya Columbia Morgan alitoa mihadhara ya kufungua somo la wanafunzi wa mwanzo mara moja tu, mwaka 1909, na darasani walikuwamo Alfred Sturtevant na Calvin Bridges. Bridges aliajiriwa kuosha chupa. Siku moja, kupitia kioo kinene cha chupa chafu, aliona nzi mwenye macho mekundu ya namna nyingine, akapandishwa kutoka karoni hadi mezani. Sturtevant hakuweza kutofautisha baadhi ya rangi, lakini kichwa chake kilikuwa cha ajabu. Mwishoni mwa 1911, akiwa na miaka 20 hivi na bado hajapata shahada ya kwanza, alizungumza na Morgan juu ya jeni zinazorithiwa pamoja. Jeni ni kama shanga katika uzi: ukiukata uzi popote na kuuunga na mwingine, shanga zilizo mbali hutengana mara nyingi, zilizo jirani mara chache. Sturtevant aliona kwamba idadi ya kutengana ingeweza kupima umbali. Alichukua hesabu nyumbani, akaacha kazi zote alizopewa na walimu wengine, na kulipokucha alikuwa na ramani ya kwanza ya kromosomu duniani. Ilichapishwa mwaka 1913. (Walimu wenzangu, sijui tungempa adhabu gani.)

Wa tatu alikuwa Hermann Muller, aliyeshinda Tuzo ya Nobel mwaka 1946 kwa kuonyesha kwamba miale ya eksirei hubadili jeni. Yeye alinung'unika maisha yake yote kwamba mawazo yake yalizungumzwa chumbani na sifa zikaenda kwa wengine. Pengine alikuwa na haki. Chumba ambamo kila mtu anasema lolote kwa yeyote ni kizuri kwa kazi, ila huwa vigumu baadaye kujua nani alisema nini.

Morgan alihamia California mwaka 1928, na mwaka 1933 akapata Nobel. Fedha zake aligawana na Bridges na Sturtevant, zikasaidia kusomesha watoto wao pamoja na wake. Mama Lilian, baada ya kulea watoto wanne, alirudi maabara, na mwaka 1922 alitangaza ugunduzi wake mwenyewe wa jike ambaye kromosomu zake mbili za X zimeungana. Morgan alifariki Pasadena tarehe 4 Desemba 1945.

Kwa wanafunzi wanaotaka kujaribu: chupa safi, ndizi iliyopondwa, hamira kidogo na pamba ya kuziba mdomo. Dume ni mdogo na ncha ya tumbo lake ni nyeusi. Zamani walilevywa kwa etha, lakini etha huwaka moto upesi mno. Chupa ikiwekwa kwenye barafu nzi hulala vizuri tu. Wala msidhani ni mdudu wa Wazungu. Asili yake ni Afrika, na mwaka 2018 watafiti walieleza jinsi walivyomkuta porini Zimbabwe akiishi kwa matunda ya mng'ong'o. Ama ukoo wa yule dume wa 1910 haujakatika. Kasoro yake ya macho meupe ingali inafugwa chupani katika maabara nyingi za dunia, na hifadhi ya nzi iliyoko Bloomington, Indiana, huwatuma kwa posta.