Marie Stopes: Mama wa Kliniki Ambaye Hakutaka Kutoa Mimba

Leo naomba tuongee habari za mtu ambaye jina lake tumelisoma sana kwenye vibao lakini wengi wetu hatumjui: Marie Stopes. Mtaani kwetu ukilitaja hilo jina watu wanacheka chini chini. Ati huyo mama ndiye aliyeanzisha mambo ya kutoa mimba duniani. Hata mimi niliamini hivyo mpaka nilipokaa chini nikasoma maisha yake. Jamani, mambo ni tofauti kabisa.

Alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1880 mjini Edinburgh, Scotland. Mama yake, Charlotte, alikuwa msomi wa mambo ya Shakespeare na mpigania haki za wanawake. Marie mwenyewe hakuwa daktari wa wagonjwa. Alisomea mimea na miamba London, akachukua shahada ya udaktari Munich, Ujerumani, mwaka 1904, na mwaka huo huo akawa mwanamke wa kwanza kufundisha sayansi Chuo Kikuu cha Manchester. Mwaka 1907 akaenda mpaka Japan kutafuta mabaki ya mimea ya kale iliyogeuka mawe. Yaani alikuwa kichwa kweli kweli.

Lakini kusoma ni kitu kimoja, maisha ni kitu kingine. Mwaka 1911 aliolewa na mwanasayansi mwenzake, Reginald Ruggles Gates. Ndoa ikaenda miaka na wale wawili hawajawahi kukutana kimwili, na yeye hakujua wazi tatizo liko wapi. Hebu fikiria, msomi mzima! Hakuna aliyekuwa amemfundisha. Ikabidi aende maktaba kujisomea mambo ya mwili, kisha akaenda mahakamani, na mwaka 1916 ndoa ikafutwa.

Aibu ile hakuificha. Akaandika kitabu kuhusu ndoa na mapenzi, Married Love, kikatoka mwaka 1918. Kiliuzwa kama njugu Uingereza, lakini Marekani kilipigwa marufuku mpaka mwaka 1931. Mwaka huo huo wa 1918 akaolewa tena, na Humphrey Verdon Roe, tajiri aliyetoa pesa za kuchapisha kitabu chenyewe.

Tarehe 17 Machi 1921 wawili hao wakafungua kliniki kwenye nyumba ya kawaida Holloway, kaskazini mwa London. Ilikuwa ya kwanza ya uzazi wa mpango nchini Uingereza. Mama aliyeolewa alikuwa anaingia, anakaa na nesi mkunga, anaulizwa hali yake, anaelekezwa namna ya kuvaa kofia ndogo ya mpira inayofunika mlango wa kizazi. Ushauri ulikuwa bure. Hakuna kufokewa.

Sasa hapa ndipo wengi mtashangaa. Barua zilimiminika kwake kutoka kwa wanawake, wengine wakiwa tayari wana mimba wasiyoitaka, wakiomba msaada. Aliwakatalia. Alipinga utoaji mimba, na sheria ya Uingereza ya mwaka 1861 iliweka kifungo cha maisha kwa kosa hilo. Wanawake wale wakarudi kwenye sindano za kufumia na vidonge vya risasi, ile risasi ya madini ambayo ni sumu. Wapo waliokufa.

Na tusimpake mafuta huyu mama. Alikuwa na upande mbaya. Aliamini kuna watu wanaofaa kuzaa na wengine hawafai, akataka wale aliowaona dhaifu wafungwe kizazi. Mwaka 1935 alikwenda Berlin kwenye mkutano wa mambo ya idadi ya watu chini ya utawala wa Hitler. Hata mwanawe Harry alipotaka kuoa, mama alipinga kwa sababu binti alivaa miwani! Mtu aliyetaka wanawake wachague, akataka pia kuwachagulia.

Alikufa kwa saratani ya matiti tarehe 2 Oktoba 1958. Utoaji mimba kwa masharti uliruhusiwa Uingereza kwa sheria ya mwaka 1967, yeye hayupo. Mwaka 1976 watu wengine, akiwemo daktari Tim Black, waliichukua kliniki yake ya London wakaanzisha shirika lililosambaa mpaka huku kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 2020 shirika hilo la kimataifa liliacha kutumia jina la Marie Stopes, likajiita MSI Reproductive Choices, kwa sababu ya zile imani zake mbaya.

Kwa nini nimeandika haya yote? Kwa sababu binti mmoja wa mtaani kwetu alikaa siku 3 chumbani anavuja damu, anaogopa hospitali. Alidhani akifika tu ataitiwa polisi. Mama yake mdogo ndiye aliyembeba mpaka hospitali, akapona. Ingekuwa siku ya nne sijui.

Basi dada zangu, na nyie makaka, tujue haya. Ile dawa ya dharura ambayo wengi tunaiita P2 humezwa mapema iwezekanavyo, vizuri ndani ya saa 72, na inaweza kusaidia hadi siku 5, ila nguvu inapungua kila siku. Inachelewesha yai kutoka. Haitoi mimba iliyokwisha kuingia. Unaweza kusikia kichefuchefu, na siku zako zinaweza kuwahi au kuchelewa kidogo. Ukitapika ndani ya saa 2, rudi upewe nyingine. Siku zikichelewa zaidi ya wiki 1, pima mimba. Na haikukingi na UKIMWI.

Sheria ya Tanzania inaruhusu kutoa mimba kwa ajili ya kuokoa maisha ya mama tu. Lakini mimba ikiharibika, kwa sababu yoyote ile, kutibiwa ni haki yako. Damu nyingi, homa, maumivu makali au uchafu unaonuka: usisubiri. Hospitali watapima presha na mapigo ya moyo, watasafisha kizazi kwa kifaa cha kunyonya au kwa vidonge, watakupa dawa kama kuna maambukizi. Kabla hujaondoka uliza uzazi wa mpango, maana unaweza kushika mimba tena hata ndani ya wiki 2.

Yule mama alikuwa na shahada kibao, na bado kutojua kulimtesa miaka. Sisi wa kidato cha nne tuone aibu gani kuuliza?

Haya wadau, uwanja ni wenu. Toeni maoni, ila matusi hapana.