Frantz Fanon, munganga aliyesikiliza watoto wa vita

Kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, wazazi wengi wanaijua hii hali. Kijana alikuwa anacheka na wenzake, lakini tangu masasi yalie kwenye avenue, halali tena. Mlango ukigongwa, anaruka. Kwenye masomo anaangalia ubao bila kuona kitu. Wengine wanasema amelogwa, wengine wanasema ni kiburi cha ujana. Zaidi ya miaka 60 iliyopita, munganga mmoja alikuta hali kama hiyo kwa watoto wa Algeria, akaiandika. Jina lake Frantz Fanon.

Alizaliwa tarehe 20 Julai 1925, Fort-de-France, kwenye kisiwa cha Martinique kilicho chini ya Ufaransa. Vita aliijua akiwa kijana mwenyewe: alitoroka nyumbani na miaka 17 kwenda kupigana na Wanazi, na mwaka 1944 akaumizwa vitani Ufaransa. Kisha akasomea uganga Lyon, akachagua magonjwa ya akili.

Mwaka 1953 alitumwa kwenye hospitali ya Blida, Algeria. Wazungu walilala upande wao, Waislamu upande wao. Fanon alianzisha mikutano, nyimbo, sikukuu na gazeti la wagonjwa. Kwa wanawake wa Kizungu ilifaulu, lakini kwa wanaume Waislamu ilikataa kabisa. Hakuwalaumu wagonjwa. Aliona kwamba amewaletea desturi za watu wengine, tena alikuwa anaongea nao kupitia mkalimani. Basi akabadilisha: nyumba ya kahawa, sikukuu zao, msimulizi wa hadithi. Hapo wakaanza kufunguka.

Novemba 1954 vita ya uhuru ikaanza. Fanon alitibu walioteswa, akatibu pia polisi waliotesa. Mwisho wa 1956 aliacha kazi ya serikali ya kikoloni, akahamia Tunis upande wa wapiganaji wa uhuru. Huko aliongoza huduma ya mchana: mgonjwa anakuja asubuhi, jioni anarudi kulala kwa familia yake.

Kati ya wakimbizi aliona watoto waliogopa kila kelele, waliokojoa kitandani, waliotembea usingizini. Aliitwa pia kuwapima wavulana wawili, wa miaka 13 na 14, waliomuua rafiki yao Mzungu waliyekuwa wanacheza naye. Fanon aliwauliza, akawasikiliza, akaandika maelezo yao bila kuwaita mashetani. Watoto hao walikuwa wameona wakubwa wakiuana, nao wakafuata.

Kongo haikuwa mbali naye. Desemba 1958 alikuwa Accra kwenye mkutano ambako Lumumba pia alikuwepo, wakawa marafiki. Agosti 1960 akafika Léopoldville. Lumumba aliuawa Januari 1961. Fanon naye alikufa tarehe 6 Desemba mwaka huohuo, kwa saratani ya damu, Marekani. Alikuwa na miaka 36 tu. Leo hospitali ya Blida inaitwa kwa jina lake.

Hadi sasa watu wanabishana juu yake, sababu alitetea kuchukua silaha dhidi ya ukoloni. Lakini kitabu chake cha mwisho kina sura nzima ya wagonjwa wake wa vita, na humo kuna mpiganaji aliyetega bomu: hata baada ya uhuru, kila mwaka tarehe ileile ikikaribia, usingizi unamkimbia. Vijana wetu wanaovutwa na makundi ya silaha, hiyo sehemu hakuna anayewaambia.

Kwetu Uvira, matibabu ya akili yako mbali: Bukavu kuna Sosame, Bujumbura kuna kituo cha Kamenge, na barabara au mpaka si kila siku viko wazi. Hata hivyo, mengine yanaanzia nyumbani. Kijana asipolala kwa wiki nyingi, akijitenga, akisema heri afe, usimpige wala kumfungia kwenye chumba cha maombi. Kaa naye, umsikilize kwa luga ya nyumbani, Kifuliiru, Kivira, Kibembe au Kiswahili. Usimwache peke yake, na umpeleke mapema kwenye kituo cha afya. Mambo yale Fanon aliyoyaona kwa watoto wa Algeria hayakuwa uchawi. Yalikuwa vidonda vya vita, na kidonda kinahitaji kutunzwa.